Barua ya mapenzi na msomaji wa tatu

Mwezi uliopita nilitembelewa hapa Gede na mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili. Alishuka matatu pale njia panda ya Watamu, akaja kwa miguu na jua lote lile, mkononi ameshika pendekezo lake la utafiti. Mada yake ni barua za mapenzi katika fasihi ya Kiswahili, kizazi baada ya kizazi. Mada tamu. Tuliketi chini ya mwarobaini nikaanza kusoma huku chai ikipoa.

Kufikia ukurasa wa tano nilikuwa nimekunja uso. Dai lake kuu ni kwamba mahaba, kwa maana ya mtu kumwambia mwenzake waziwazi kuwa anampenda, ni jambo geni kwetu. Limeletwa, anasema, na shule, sinema za Kihindi na riwaya za miaka ya sitini na sabini. Wazee wetu walioana, wakazaa, wakazikana. Kupendana kwa kalamu hawakukujua.

Nilimwambia kwamba amekosea. Naye, kwa adabu zake zote, akanijibu, "Sawa, Prof. Nionyeshe barua moja tu."

Nikiri kwamba binti huyu alikuja amejizatiti. Maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yaliyosalia ni barua, nazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, zikahifadhiwa kule Goa, India. Zimejaa siasa za Wareno na za wakuu wa pwani. Mahaba hamna. Akaja kwa Shaaban Robert. Tunacho kitabu kizima cha barua zake za kati ya mwaka 1931 na 1958, lakini alimwandikia nduguye, Yusuf Ulenge. Nikamkumbusha shairi ambalo mzee huyo alimtungia mkewe Amina baada ya kufiwa naye. Akatikisa kichwa. "Hilo ni la maombolezo, Prof. Amina hakulisoma." Kisha akaniuliza inawezekanaje watu waandikiane barua kwa miaka mia tatu na isipatikane hata moja ya mapenzi.

Hapo nilinyamaza, maana swali ni zuri. Lakini jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Sikuwa nimewahi kulihesabu kuwa ni la fasihi, basi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mtoto wa shule ya msingi hapahapa Gede. Watu wazima wengi mtaani kwetu hawakujua kusoma hati za Kizungu. Waume walikuwa Mombasa, wengine bandarini Kilindini, wengine mahotelini, na barua zao zilikuja kwa sanduku la posta la shule. Mwalimu alizigawa asubuhi kwenye gwaride, nasi tukazipeleka majumbani tukirudi. Aliyepeleka ndiye aliyesoma. Ujira ulikuwa andazi, au embe likiwa la msimu.

Kulikuwa na mama mmoja jirani yetu ambaye nilimsomea kwa karibu miaka mitatu. Barua za mumewe zilifanana kama mapacha. Kwanza natumai barua hii itakupata ukiwa buheri wa afya kama inavyoniacha mimi. Halafu salamu, na salamu zenyewe zilikula nusu ya karatasi: baba, mama, shangazi, watoto kwa majina, majirani kwa milango. Kisha pesa, kiasi gani na kapewa nani azilete. Kisha kwaheri. Wakati wote huo mavyaa wake ameketi mkeka huohuo, na watoto wametuzunguka.

Siku moja, kati ya pesa na kwaheri, palikuwa na sentensi moja peke yake. Mume alisema ule mwembe wa nyuma ya nyumba usikatwe.

"Soma tena hapo, mwanangu," mama yule akaniambia.

Nikasoma. Akanirudisha tena. Mara ya tatu mavyaa akadakia, "Kwani nani kasema atakata mwembe?"

Hakuna aliyekuwa amesema. Mkewe alijifunika uso kwa leso, nikadhani ana mafua. Jioni aliniita tuandike majibu. Tulipomaliza salamu na habari za karo, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwambie mwembe upo, na kivuli chake hakijakaliwa na mtu." Nikaandika vilevile, kwa hati ya mtoto, nikidhani ni habari ya shamba. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, niko chuo kikuu, siku nilipozinduka kitandani nikaelewa kwamba nilikuwa nimesoma barua ya mapenzi na kuijibu nyingine.

Nilimsimulia binti yule kisa hiki. Akacheka sana, kisha akaacha kucheka, akachukua kalamu.

Kuna methali ya pwani isemayo kuwa waraka ni nusu ya kuonana. Kwa kawaida tunaitumia kusifu barua, kwamba aliyepata barua ni kama amemwona nusu aliyeiandika. Mimi naisikia na upande wa pili. Ikiwa waraka ni nusu, ile nusu nyingine haimo karatasini. Wanayo wawili wenyewe. Na ilibidi iwe hivyo, kwa sababu waraka ule haukuwa wa watu wawili. Tuhesabu pamoja, msomaji. Mume huenda naye aliandikiwa, maana nje ya posta kubwa walikaa watu waliofanya kazi hiyo kwa malipo. Mwalimu kaishika. Mtoto kaisoma kwa sauti. Mavyaa kaisikia. Kwa macho na masikio yote hayo, mwanamume gani mwenye haya angemtajia mkewe kiuno chake? Angetaja mwembe.

Binti alikuwa akitafuta maneno ya mapenzi. Mimi naona swali la kwanza lingekuwa lingine: nani mwingine angeisoma barua hii? Ukiliuliza hilo, fasihi yetu yote ya mapenzi inajipanga upya.

Chukua kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913. Hakihusu mapenzi ya mke na mume, bali mtu aliyefungwa na mama anayetaka kumwokoa. Liyongo yuko gerezani, mtumishi Saada anamletea chakula, na walinzi wanasikiliza kila neno. Anampelekea mamake ujumbe kwa wimbo. Walinzi wanausikia wimbo na wasiuelewe, mama anauelewa. Anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, na walinzi, ambao kazi yao ni kula vinono vya mfungwa, wanauacha ule wa wishwa umfikie mwenyewe. Hapo pana ujumbe uliosemwa mbele ya adui na bado ukawa siri. Mtu wa pwani anayeupenda utenzi huu hakufurahia nguvu za Liyongo peke yake. Alifurahia ule ujanja wa kusema mbele za watu. Leso nayo ni waraka wa aina hiyo, usio na anwani. Mvaaji akiulizwa jina lile la leso anamlenga nani, atakwambia aliipenda rangi.

Sasa njoo kwenye riwaya. Mwaka 1971, wakati mimi bado ninasoma barua kwa ujira wa andazi, Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika. Huko Ukerewe, Rosa, msichana wa shule, anaandikiwa barua na Charles, kijana wa rika lake. Barua yenyewe ni ya kawaida kabisa, ya watoto wawili wanaojaribu maneno makubwa. Lakini inaangukia mikononi mwa Zakaria, baba yake, na Rosa anapigwa kipigo cha kutisha. Mengi yanayomfika Rosa baadaye, ile hofu yake ya wanaume inayogeuka kuwa kutojali chochote, hadi kifo chake kwa mkono wake mwenyewe, yanarudi kwenye siku ile. Wahakiki wameandika mengi juu ya malezi makali na ulevi wa Zakaria. Nakubaliana nao. Naongeza hili tu, kwamba kisa kizima kinaanza mtu anaposoma barua isiyokuwa yake. Na ajabu ya dunia, riwaya yenyewe ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, yaani wakubwa wakaifanyia yaleyale ambayo Zakaria aliifanyia barua ya Charles.

Wala si kwetu peke yetu. Gabriel García Márquez wa Kolombia, katika riwaya yake ya mwaka 1985 kuhusu mapenzi wakati wa kipindupindu, ana msichana Fermina Daza anayenaswa shuleni na mtawa akiandika barua ya mapenzi. Anafukuzwa shule. Baba yake anafumania barua za kijana Florentino Ariza, anamfukuza nyumbani shangazi aliyekuwa akiwasaidia, kisha anamchukua binti safari ndefu ili amsahau. Hakujua kuwa Florentino anafanya kazi ya simu za upepo, na njia nzima ina watu wa simu. Baba wa Kolombia na baba wa Ukerewe wangeelewana vizuri sana kama wangekutana.

Kilichobadilika kati ya mwembe wa jirani yangu na barua ya Charles si moyo. Kilichobadilika ni kwamba msichana sasa anajua kusoma. Barua inaweza kuandikwa kwa ajili ya macho yake peke yake, kwa hiyo inathubutu kusema wazi. Na kwa kuwa imesema wazi, ikishikwa haina pa kujificha. Mavyaa angeweza kuusikia mwembe mara mia asipate ushahidi. Zakaria alihitaji kuona karatasi mara moja tu.

Shule zenyewe ziliendeleza kazi ya Zakaria. Nilipokuwa sekondari, barua ya mvulana mmoja wa kidato cha tatu ilinaswa ikielekea shule ya wasichana, ikasomwa mbele yetu sote. Mwalimu aliyeisoma alikuwa ameisahihisha kwanza kwa wino mwekundu, akawa anatutajia makosa ya ngeli njiani. Tulicheka hadi machozi. Yule kijana hakurudi muhula uliofuata. Mimi nilicheka pamoja na wengine, na hadi leo, nikisahihisha insha za wanafunzi, mkono wangu huwa mzito kidogo juu ya neno mpenzi.

Na tuitazame lugha ya barua zile, maana safu hii ni ya lugha. Wanafunzi wangu huchekeshwa na barua za enzi zetu zinazoanza "dhumuni kuu la kuandika barua hii ni kukujulisha kwamba ninakupenda," kana kwamba mtu anaomba kazi halmashauri. Wanaona ni unafiki au ushamba. Mimi sioni hivyo. Tulifundishwa aina mbili za barua, ya kirafiki na ya kikazi, na ya tatu hakuna aliyetufundisha, kwa hiyo tulikopa mbao palipokuwa na mbao. Samuel Richardson wa Uingereza, alipokuwa akitunga kitabu cha vielelezo vya barua kwa watu wasio na elimu kubwa, aliiacha kazi hiyo kwa muda akaandika riwaya ya barua, Pamela, iliyotoka mwaka 1740. Vielelezo vyenyewe vilifuata mwaka 1741. Kule Onitsha, Nigeria, miaka ya hamsini na sitini, vijitabu vya kufundisha kuandika barua za mapenzi viliuzwa sokoni kando ya viazi vikuu. Kila mahali watu wanapoingia kwenye kalamu mara ya kwanza, hushika kiunzi. Buheri wa afya haikuwa baridi ya moyo, ilikuwa ni sitara. Mpokeaji aliiruka, akashuka chini kutafuta sentensi iliyokaa peke yake.

Jambo jingine nililomwambia binti yule ni kwamba dai lake lina wenyewe wanaolipenda pande zote mbili. Vijana wanalipenda kwa kuwa linawafanya wao kuwa wavumbuzi wa mapenzi. Wazee nao wanalipenda, tena zaidi. Mzee anapomgombeza mjukuu kwamba sisi wakati wetu hatukuwa na mambo haya, anajua moyoni kuwa anasema uongo, lakini ni uongo wenye heshima, na msomi akija na tasnifu ya kuuthibitisha atashukuriwa. Mimi mwenyewe nimeshawahi kuusema kwa watoto wangu.

Na hapa nina lawama kwa waandishi wetu. Nikizipitia riwaya za Kiswahili nilizozifundisha, mzee anapopenda huwa ni kichekesho au ni fisi. Bwana Raza wa Adam Shafi katika Vuta N'kuvute, riwaya ya mwaka 1999, ni mume mkongwe aliyeozwa kigoli, na sote tunashangilia Yasmin anapomkimbia. Ni haki yake kukimbia. Lakini kwa nini mzee hapewi hata mara moja barua safi ya kumwandikia mwenzake wa makamo? Florentino Ariza, akiwa mzee wa miaka sabini na ushei, anaanza upya kumwandikia Fermina ambaye sasa ni mjane. Safari hii anaandika kwa taipu, na maneno ya ujana ameyaacha. Anaandika juu ya maisha, uzee na kifo. Hizo ndizo zinazomfungua moyo.

Afrika nayo imelifanya hilo, na kwa Kiswahili tunalo. Riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979, imetafsiriwa kwa jina Barua Ndefu Kama Hii. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo yoyote kuiingia, kwa sababu inaanza na eda. Ramatoulaye, mwalimu, mama wa watoto 12, amefiwa na mumewe Modou, ambaye kabla ya kufa alikuwa amemwoa Binetou, rafiki wa shule wa binti yao Daba. Akiwa ndani ya eda anamwandikia shoga yake Aissatou, na riwaya nzima ni barua hiyo. Ndani yake mna barua nyingine ndogo ambayo huwa naisubiri kila nikiisoma. Daouda Dieng, mwanamume aliyempenda tangu ujana, sasa mtu mzima mwenye mke, anamposa. Ramatoulaye anamheshimu mno, lakini hawezi kumtia mwanamke mwingine katika uchungu alioupitia yeye. Anaandika kukataa, anafunga bahasha, anampa jirani yake Farmata apeleke. Farmata anakwenda mbio kwa furaha, akidhani amebeba neno la kukubali.

Angalia jinsi mambo yalivyogeuka. Mshenga yupo kama zamani, lakini safari hii hajui alichobeba. Mwanamke wa makamo ameandika mwenyewe, amefunga mwenyewe, na hakuna mavyaa mkekani. Barua ile ni ya kukataa, nami naihesabu kati ya barua za mapenzi zenye heshima kubwa kabisa katika vitabu nilivyosoma.

Kuhusu kizazi cha leo sitasema mengi, wengine wanakijua kuniliko. Katika hadithi fupi ya Alifa Chokocho, "Masharti ya Kisasa," iliyosomwa sana shuleni katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, Kidawa ni msomi, naye Dadi ni muuza samaki. Kidawa anamtajia masharti yake kabla ya ndoa, nayo Dadi anayakubali. Kisha wivu unamwingia, anapanda juu usiku kuchungulia dirishani alimo mkewe, na kuanguka. Msomaji wa tatu sasa ni mume mwenyewe. Na vijana wenye simu zilizofungwa kwa namba za siri, wanaojiona hatimaye wako wawili peke yao, wananiambia ujumbe wa usiku hupigwa picha asubuhi ukafika kwenye kundi la watu 200. Hata Zakaria hakuwa na kipaza sauti cha namna hiyo.

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa tumeandika upya kichwa cha pendekezo lake, na sura ya pili tumeitupa yote. Lakini hakukubali kushindwa bure. "Prof., mwembe ni kisa chako wewe. Mimi nitaandika nini kwenye data?" Nikamwuliza kama kwao hakuna mwanamke mzee aliyewahi kuwa na mume Mombasa. Akafikiri, akasema yuko shangazi yake, karibu na Malindi, ana sanduku la bati ambalo watoto walikatazwa kuligusa.

Wiki jana alinipigia simu. Shangazi amekubali kulifungua. Barua zimo, zimefungwa kwa kipande cha leso, na yeye tangu zile enzi amejifunza kusoma katika elimu ya ngumbaru. Ametoa sharti moja: atazisoma mwenyewe, kwa sauti, binti aandike anachosikia, na zipo tatu ambazo hatazisoma. Binti alitaka kujua kama hizo tatu ataziingiza kwenye hesabu ya data. Nimemwambia aziingize.